Ng'ambo Hakuna Wachawi

Dada Adhi,

Nakuandikia hapa mtandaoni, mbele ya watu, kwa sababu kwingine kote umenifungia. Namba yangu umeiziba, ujumbe wangu unabaki na tiki moja ya kijivu, na yule jirani yako niliyekuwa nikimpa salamu akuletee ameniomba kwa adabu nisimtume tena. Basi isome hapa, au usomewe, au mtu akutolee mistari miwili baada ya ibada akisema yule mdogo wako ameanza tena. Kati ya Kisumu na Muhoroni maneno hayapotei njiani, itakufikia tu.

Nina shida ya kikazi, na duniani hakuna mwingine wa kunisaidia ila wewe. Hadithi yetu ya Ng'ambo nimeimaliza. Ndiyo, yote, tangu Riwa anapofuata mtumbwi wa baba yake chini ya magugu mpaka anapotokea ng'ambo ya ziwa na kukuta watu wasiomjua. Mhariri wangu, kijana mpole wa Nairobi, ameipenda. Ila ana tatizo moja. Ile nguvu wanayoitumia watu wa Ng'ambo haina jina. Mle ndani nimeiita "ile kitu" mwanzo hadi mwisho, kama tulivyokuwa tukiiita sisi. Akanisahihisha kwamba ni kile kitu. Nikamwambia najua, mimi nimesoma, lakini mtaani kwetu Kaloleni ilikuwa ile kitu.

Akanieleza kwa upole kwamba msomaji akiingizwa katika dunia ngeni anataka kushikwa mkono. Anataka kujua nguvu hiyo inatoka wapi, nani anayo, inamgharimu nini mwenye kuitumia, inashindwa wapi, na wenyewe wanaiitaje. Nikaona ni maswali ya haki. Halafu lile la mwisho akajijibu mwenyewe. Akasema tutumie neno ambalo kila mtu analijua, na kitabu tukiite Wachawi wa Ng'ambo, maana uchawi ni neno linalouza.

Nilimkatia simu. Baadaye nikampigia kumwomba radhi, kwa sababu hana kosa. Hakuwapo.

Wewe ulikuwapo. Unakumbuka vyoo vya ploti yetu? Safu ile ya mwisho uani, milango ya bati, nyumba zote zikigombania vitatu, na balbu ambayo kila ikiwekwa iliibwa. Nilikuwa mwoga kupindukia. Giza likiingia nilikuwa siendi mpaka wewe usimame kwenye mlango wa jikoni na koroboi mkononi, na hata hapo nilikuwa nauliza kutoka mle ndani, "Dada, uko?" Nawe unajibu, "Niko." Nauliza tena, unajibu tena. Nikikawia sana ulikuwa unasema, "Niko, lakini ugali unaungua, na ukiungua utaula wewe." Nilikuwa nacheka humo gizani peke yangu, na woga wote unaisha.

Ndipo ukaniambia kwamba giza halimwezi mtu ambaye ameitikiwa. Ulilisema tu ili nitoke haraka, lakini mimi nililibeba. Kesho yake nikakuuliza kama iko nchi ambayo watu wote wanaishi hivyo, na wewe, badala ya kuniambia nikatoe takataka, ukanionyesha vile vilima vya ng'ambo ya ghuba vinavyoonekana kutoka ufuoni Dunga. Ukasema wako kule. Mwanamke wa kule akiamka huliita jivu la jana na moto unaitikia. Mvuvi huuita mtumbwi wake uliozingirwa na magugu, nao unaitikia, unajichomoa. Na wewe mwenyewe ukaweka gharama, bila kuulizwa na mhariri yeyote: anayeita lazima naye aitike akiitwa, hata akiwa amechoka, hata akiwa amekasirika. Akinyamaza, sauti yake inaanza kwenda, na vitu vyote vinamsahau.

Mimi nilitaka jina. Nilitaka jina kubwa. Shuleni alikuwa amekuja yule bwana wa kofia ndefu akatoa kitambaa kinywani mpaka kikajaza darasa, nikaja mbio kukwambia tuite mazingaombwe. Ukasema mazingaombwe ni kudanganya macho, na Riwa hadanganyi mtu. Nikasema basi uganga. Ukanivuta mpaka kwenye nguzo ya stima pale barabarani, ukanionyesha kibao kilichogongelewa misumari: anarudisha mpenzi, anafichua mwizi, anakuza biashara, piga simu sasa. Ukaniuliza kama nataka Riwa awe na namba kwenye nguzo. Yawa, tulicheka usiku huo mpaka Baba akagonga ukuta. Sihiri ulikwenda kuiulizia kwa Mama Rukia, yule jirani wa mahamri, naye akasema neno hilo halitajwi mbele ya chakula cha watu, akatupa mahamri mawili ili tuondoke nalo. Miujiza ulikataa mara moja. Ulisema ina Mwenyewe.

Na uchawi. Nilipolitaja hilo hukucheka.

Tulikuwa na Bibi Rael chumba cha mwisho, yule aliyeuza makaa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na vumbi, na alikuwa haishi na mtu. Mtoto wa ploti akaugua, mtu akasema alimwona Bibi Rael uani alfajiri, kana kwamba si kawaida ya muuza makaa kuamka kabla ya wote. Salamu zikaanza kupungua. Kisha mawe ya watoto yakaanza kulia juu ya bati lake. Wewe ulinishika mkono mchana kweupe, ploti nzima ikitazama, ukaniingiza kwake, tukaketi kitandani, tukanywa uji wake, ukaomba uongezwe. Hata hivyo aliondoka kurudi kwao Port Victoria, godoro likiwa juu ya mkokoteni, na aliyemsaidia kupakia ni Baba peke yake.

Jioni ile ulikuwa unapepeta mchele, hukuniangalia. Ulisema, "Hiyo neno hakuna mtu hujiita. Ni ya kuitwa na watu." Ukasema ile kitu ya Ng'ambo itapewa jina na wanaoitumia, si wanaoiogopa, na litakuwa neno ambalo mtu anaweza kulisema jikoni bila kupunguza sauti. Tukaapa kwamba tutalichagua pamoja, mimi na wewe, hakuna wa kumtangulia mwenzake. Siku hizi nasoma sana kwenye mtandao, watu wanaandika kurasa na kurasa jinsi ya kubuni dunia na kuitungia nguvu zake. Sijaona kanuni inayoishinda hiyo yako, na uliitoa huku unatoa mawe kwenye mchele.

Hata mpaka ni wewe uliyeuweka. Mama alipofariki, nilitaka Riwa amwite mama yake kutoka chini ya maji, naye aitikie, atoke na nguo zake kavu. Uliniacha nikasimulia yote mpaka mwisho. Kisha ukasema hapana. Kuitika ni kwa anayesikia, na aliyevuka mahali pa kusikia haitwi. Nilikununia wiki nzima, nikakuona mchoyo. Kumbe na wewe ulikuwa unalia chini ya ile blanketi moja tuliyojifunika, na hukuniambia. Sasa ninaelewa. Ungeniachia, tungeamka kila asubuhi tukimlaumu Mama kwa kutokuja.

Ukaolewa, ukaenda Muhoroni na shemeji wa kiwanda cha sukari, na ukamzaa Omondi. Nakuomba usiache kusoma hapa. Najua mkono wako unataka kuifunga simu.

Likizo ulikuwa unamleta Kaloleni, na mchezo wetu aliudaka siku moja tu. Alikuwa anajificha chini ya meza anauliza, "Mama mdogo, uko?" Nikijibu niko, anacheka mpaka anajipiga kichwa. Akaanza kuuliza kila kitu. Kuku, uko? Birika, uko? Nikimpeleka kazini kwangu kwenye saiba, duka la mtandao na uchapaji, alikuwa anaiuliza mashine ya fotokopi, na ikinguruma ananiangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Siku moja ulikuwa mlangoni ukimtazama, ukamwambia, "Muulize pia kama iko na karatasi." Hayo ni maneno yako, Dada. Ulikuwa ndani ya mchezo kama sisi.

Halafu ule upepo wa jioni. Ulitoka ziwani jua likizama, na kama kawaida kikaanza kishindo kimoja mwisho wa mtaa, kikawa viwili, kisha Kaloleni nzima. Watu walitoka na sufuria, vifuniko, ndoo, wengine wakipiga mageti na mabati, wakiwafukuza nyawawa, wale pepo wanaosemwa hutoka ziwani na upepo, na kila mtaa huwapigia makelele wapite waende kwa wengine. Mimi nilikuwa na kifuniko na mwiko. Wewe ulikuwa na ndoo. Omondi akapita katikati yetu, akasimama mlangoni, akajaza kifua chake, akalipigia lile giza kelele: "Niko!"

Watu walicheka mpaka mdundo ukapotea. Wewe ulicheka ukaiachia ndoo ikaanguka. Nalishikilia hilo kwa mikono miwili, kwa sababu baadaye ulisema hukucheka.

Mwezi uleule akashikwa na malaria. Ya hospitalini sitayaandika hapa, ni yako. Nitasema moja tu. Ulipotoka kutafuta maji niliinama nikamuuliza taratibu, Omondi, uko? Akanikunjia kidole. Nilipouliza tena hakukunja.

Unajua kazi yangu ni kuchapa. Wasifu wa wanaotafuta kazi, barua za chifu, na zaidi ya vyote ratiba za mazishi, maana watu wa huku hatuziki mtu bila karatasi yenye picha. Nimechapa za wazee ambao sifa zao hazikutoshea katika kurasa nane. Ya Omondi niliichapa mimi, sikumpa mtu mwingine. Maisha yake yalijaza mistari minne. Nikakuza herufi ili ukurasa usionekane mtupu.

Matangani ndipo yule mama wa maombi alipokuuliza mtoto alikuwa anacheza nini siku za mwisho. Mtu akakumbuka Kaloleni na ule upepo. Mama akafumba macho, akasema mlango ulifunguliwa. Ukanitafuta. Nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake tunaosha vyombo. Ulikuja ukasimama juu yangu, na hukupaza sauti.

"Wewe ndiye ulimfundisha kuitika," ulisema. "Mchawi ni wewe."

Wale wanawake waliendelea kuosha. Hakuna aliyenitazama. Mmoja tu alivuta kiti chake kidogo, akakisogeza kando, na mimi nikamkumbuka Bibi Rael na mkokoteni wake. Niliondoka na mikono yangu ikiwa bado na sabuni.

Siku ile sikukujibu, kwa sababu nilikuonea huruma kuliko nilivyojionea. Nakujibu leo. Kama ningekuwa mchawi, Dada, Omondi angekuwa shuleni sasa hivi. Angekuwa amepoteza sweta la pili na wewe unagombana naye. Ule mpaka wako wa anayesikia na asiyesikia ningeuvunja bila hata kukuomba ruhusa, ningemwita mpaka koo langu litoke damu, na sheria zote za Ng'ambo zingekufa siku hiyohiyo na nisingejali. Niliita. Nilikuwa pale niliita. Mchawi gani huyo?

Na mtoto hakufungua mlango wowote. Aliitikia kwa sababu katika maisha yake mafupi, kila aliyemwita alikuwa anamtafuta kwa wema. Alisikia mtaa mzima unapiga kelele akadhani tunamtafuta yeye. Yule mama wa maombi nina hasira naye mpaka leo, sitadanganya. Na wewe nilikuwa nayo. Siku hizi nikiitafuta siioni, naona tu kwamba ulihitaji mtu wa kumlaumu na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Nimebaki Kaloleni, chumba kilekile. Baba aliporudi nyumbani kijijini nilisema nitamfuata, sikumfuata. Jioni nafunga saiba, nasonga ugali, na mkono wangu bado unapima wa watu wawili, kiporo ndicho chai yangu ya asubuhi. Vyooni siku hizi kuna taa kali, ya jua, hakuna anayeogopa na hakuna anayemwita mtu. Mara nyingine nikiwa nimekaa naiuliza nyumba, kwa sauti ndogo, uko? Friji inanguruma, basi. Sikujua mtu anaweza kukosa kuitwa kama anavyokosa chakula. Simu inalia, ni mteja anauliza kama nimemaliza kuchapa.

Nilikuja, Dada. Sijui kama uliambiwa. Ilikuwa msimu wa kukata miwa, malori yamejaa barabarani, na harufu ile ya molasi mpaka kooni. Ndala zako za buluu zilikuwa mlangoni, ile ya kushoto imeshonwa na uzi. Redio ilikuwa inaimba nyimbo za ibada. Nikapiga hodi. Redio ikapunguzwa. Nikapiga ya pili, nikasikia kiti. Nikapiga ya tatu. Sisi tulilelewa hivyo, hodi tatu zikikosa karibu mgeni anaondoka bila ugomvi, basi niliondoka. Nilipofika kwenye ua wa michongoma nikasikia redio imeongezwa tena.

Sasa turudi kwenye kazi. Mhariri nilimpigia juzi nikamjibu maswali yake yote. Nilimwambia nguvu ya Ng'ambo haitoki kwa mizimu wala kwa mtu mmoja, inatoka katikati ya wawili. Nilimwambia gharama yake na mpaka wake, kama ulivyoviweka. Nilimwambia haiwezi kumwita mtu aende gizani, inaweza tu kumwita arudi nyumbani, na hilo nimeliongeza mimi, nakuomba ulikubali. Kisha nikamwambia Ng'ambo hakuna wachawi, na kwenye jalada hawatakuwapo pia. Akasema itabidi wakubwa wake wakae kikao, na kwamba wenye maduka wanataka jina linalojulikana, na pengine kitabu hakitatoka mwaka huu, pengine kisitoke kabisa.

Basi kisitoke. Kitaniuma, nimekifanyia kazi kwa miaka, lakini nitalala. Kikitoka na neno lile juu na jina langu chini yake, nitakuwa nimetia sahihi ulichoniambia kwenye vyombo.

Jina lenyewe bado sijampa, kwa sababu tuliapa. Ninalo ninalolipendekeza. Nataka tuiite kuitika, tu, bila pambo. Mwenye nayo ni mwitikaji. Ni neno la jikoni, halihitaji kupunguziwa sauti, na alilijua mtoto kabla ya mhariri. Ninajua ndilo neno ulilonitupia siku ile. Ndiyo maana nalitaka. Sitaki libaki kule nyuma ya nyumba, kwenye maji machafu ya vyombo, wakati lilianzia mlangoni pa jikoni na wewe umeshika koroboi. Ukilikataa, likatae. Hata kukataa ni kuitika, nami nitaandika unavyosema.

Jumamosi ninakuja. Hodi sitapiga, nimeshapiga zangu zote. Nitasimama hapo kando ya banda la kuku, mbali na mlango, na nitakuuliza lile swali langu la zamani, kwa sauti ya kawaida, majirani wasikie wasisikie. Usifungue kama hutaki. Usinipe kiti, usinipe maji, usinisamehe kwa jambo ambalo sikulifanya. Jibu tu ukiwa hukohuko ndani. Jibu kwa hasira ukipenda, niambie ugali unaungua. Nikishasikia nitarudi zangu Kisumu.

Na siku utakayoogopa wewe, iwe mwaka huu au uzeeni, uliza hapohapo ulipo.

Mimi niko.

Mdogo wako